Kupima Udongo Kabla ya Kununua Mbolea ya Kukuzia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakulima wa Mtwara na Lindi

Nalima mahindi, mbaazi na ufuta upande wa Masasi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasaidia majirani kuchukua sampuli za udongo kabla mvua hazijaanza. Maswali ninayoulizwa ni yale yale, iwe Newala juu kwenye uwanda wa Makonde, iwe Nachingwea au Ruangwa. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu kama ninavyoyatoa shambani. Mengi yanahusu naitrojeni, chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea ya kukuzia (ile inayowekwa mimea ikiwa imeshaota), kwa kuwa ndiyo tunayoinunua zaidi na ndiyo inayotuponyoka zaidi.

Babu yangu hakupima udongo na alivuna. Mimi nipime kwa nini?

Babu alipima, ila kwa macho yake. Aliangalia vichaka vilivyoota, akashika udongo, akalima miaka miwili mitatu, kisha akaliacha shamba lipumzike mpaka pori likarudi. Mapumziko yale ndiyo yaliyokuwa mbolea yake: majani yalianguka, mizizi ikaoza, mboji ikajijenga. Leo eneo limegawanywa kwa watoto na wajukuu, mikorosho imeshika nafasi kubwa, na kipande kilichobaki cha mahindi kinalimwa kila mwaka bila kupumzika. Ile hazina ya babu inatoka tu, hairudishwi.

Na mikoa yetu ina kumbukumbu nzito ya kulima bila kuujua udongo. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulifika mpaka Nachingwea, na bandari ya Mtwara na reli vilijengwa kwa ajili yake. Walifyeka mapori kwa matrekta kabla ya kuchunguza vya kutosha udongo na mvua, hasa kule Kongwa ambako ardhi iligeuka ngumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Wao walikuwa na fedha za serikali ya Uingereza. Sisi mfuko mmoja wa mbolea ukipotea, ni ada ya mtoto imepotea.

Mbolea ya naitrojeni inakwenda wapi? Nilikuzia, wiki mbili baadaye mahindi yakawa ya njano tena.

Inawezekana imeshuka chini na maji. Mmea hula naitrojeni hasa ikiwa katika hali mbili, amoniamu na naitreti. Naitreti haishikani na chembe za udongo, inafuata maji yanakokwenda. Udongo wetu mwingi wa uwanda wa Makonde ni kichanga chekundu chenye kina kirefu na mboji kidogo, na hauna cha kuishikilia. Mvua kubwa mbili za Januari zinatosha kuipeleka chini ya mizizi. Udongo mweusi wa mbugani unashika zaidi, ila ukituama maji, vijidudu huigeuza naitreti kuwa hewa ikapaa.

Kama ulikuwa umemwaga Urea juu ya udongo wenye unyevu bila kufukia, na jua likawaka, sehemu yake ilipaa kama gesi ya amonia. Ile harufu kali inayochoma pua ukipita shambani asubuhi ni fedha yako inayoondoka.

Karatasi ya maabara imeandika "naitrojeni yote asilimia 0.05". Hiyo ni nyingi au kidogo?

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba hiyo ni ya naitrojeni yote iliyomo kwenye udongo, na karibu yote imefungwa ndani ya mboji. Mmea hauwezi kuila mpaka vijidudu viioze mboji hiyo kidogo kidogo. Tufanye hesabu. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa takriban kilo 1,130,000. Asilimia 0.05 ya uzito huo ni kama kilo 560 za naitrojeni. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kwa kuwa Urea ni asilimia 46. Maana yake shamba hilo linaloitwa limechoka lina akiba sawa na mifuko 24 ya Urea! Lakini imefungiwa. Kwa msimu mmoja inayofunguliwa ni asilimia 2 hadi 3 hivi, yaani kilo 11 hadi 17.

Sasa weka mahindi juu ya hesabu hiyo. Tani moja ya punje, yaani magunia 10 ya kilo 100, pamoja na mabua yake inachukua takriban kilo 20 hadi 25 za naitrojeni. Ukilenga magunia 12 kwa ekari, unahitaji kama kilo 26. Udongo ukikupa 14, pengo ni 12. Ila mmea haupati kila unachoweka. Kwenye kichanga, ukipata nne katika kila kumi umefanya vizuri. Kwa hiyo ili zile 12 ziingie kwenye mmea, weka kilo 30 za naitrojeni, ambazo ni mfuko mmoja wa Urea na kilo 15 juu yake.

Shamba la pili, la mama mmoja anayelaza mabaki ya mbaazi kila mwaka na kumwaga samadi ya mbuzi, linaweza kusoma asilimia 0.1. Hilo linatoa kilo 23 hadi 34 peke yake. Kwa magunia yale yale 12, karibu linajitosheleza. Akiambiwa aweke mifuko miwili kwa sababu jirani yake kaweka miwili, ananunua asichokihitaji. Hiyo ndiyo faida ya kipimo: wenye mashamba mawili yanayopakana hawatanunua mbolea sawa.

Hesabu hii ni ya kukadiria, siyo ya dukani. Mvua mbaya huivuruga. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko kukisia.

Kama naitrojeni yote haisemi kila kitu, niangalie nini kingine kwenye karatasi?

Kaboni ya mboji, pH (kipimo cha uchachu wa udongo), fosforasi na aina ya udongo. Kaboni ukiizidisha kwa 1.72 unapata kadirio la mboji. Chini ya asilimia 1 ya kaboni, jua kwamba udongo wako utakupa kidogo na pia hautashika utakachoweka, hivyo gawa mbolea mara mbili au tatu. Fosforasi ikiwa chini sana, mizizi inabaki mifupi na naitrojeni inapita pembeni yake. Nimeona mahindi yenye majani ya zambarau yakimwagiwa Urea mara mbili, na hayakuongezeka hata kiganja.

Sampuli inachukuliwaje?

Chukua jembe safi na ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati, inaacha zinki kwenye udongo. Gawa shamba kwanza: bondeni peke yake, mlimani peke yake, sehemu iliyokuwa na ufuta mwaka jana peke yake. Katika kila sehemu tembea kwa mtindo wa zigizaga, kwenda upande huu na kurudi upande ule, na uchimbe mahali 15 hadi 20. Fagia majani makavu, chimba shimo la pande mbili zinazokutana chini, lenye kina cha sentimita 20, kisha kata kipande chembamba cha ukuta kutoka juu hadi chini na ukiweke ndooni. Kipande kiwe na unene ule ule juu na chini. Wengi hukwangua juu kwa wingi na chini kidogo, halafu karatasi inasema shamba lina rutuba ambayo mizizi haitaikuta.

Epuka kichuguu, njia ya miguu, lilipokuwa tanuri la mkaa, walipolala mbuzi, na mahali mlipotupia maganda ya karanga. Changanya vizuri, tandaza juu ya nailoni safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia mpaka ibaki kama nusu kilo. Anika kivulini. Usianike juani, na usiweke karibu na moto.

Mfuko uwe mpya. Mwaka wa kwanza tulipeleka sampuli kutoka mashamba sita, na mmoja wetu aliweka ya kwake kwenye mfuko uliowahi kubeba SA, mbolea yenye naitrojeni na salfa. Ulikuwa umekung'utwa, ukaonekana mtupu. Majibu yake yalirudi na salfa na naitrojeni ambazo hazijawahi kuonekana Masasi. Mzee yule aliamini karatasi, hakukuzia kabisa msimu ule, na mahindi yake yakanyauka majani ya chini mbele ya macho yetu. Iliniuma, kwa kuwa mimi ndiye niliyepokea ile sampuli mkononi na sikuuliza mfuko ulitoka wapi. Tangu hapo nauliza kila mtu.

Nichukue lini?

Kwa kipimo cha kawaida, Agosti hadi Oktoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na majibu yanahitaji kukufikia kabla hujanunua mbolea. Ukichukua sampuli mwezi huu na mwakani, chukua mwezi ule ule, la sivyo hutaweza kulinganisha.

Wazee wanasema apandaye na mvua ya kwanza havuni sawa na aliyechelewa. Ni kweli?

Ni kweli, na kuna sababu yake udongoni. Wakati wa kiangazi udongo ukikauka kabisa, vijidudu vingi hufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, vilivyobaki huamka kwa kishindo na kuozesha mboji na mizoga ya wenzao, na kwa siku chache naitrojeni nyingi hufunguka kwa mkupuo. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1958, na mpaka leo wanasayansi wa udongo duniani wanalitaja kwa jina lake. Aliyepanda mapema mizizi yake huwahi mkupuo huo. Aliyechelewa wiki tatu anaikuta imeshashuka na maji. Anaweza kununua mfuko wa pili ili kufidia kile ambacho mvua ya kwanza ilikuwa inampa bure.

Nimesikia kuna kipimo cha naitreti kinachofanywa mahindi yakiwa yameshaota. Kinatufaa?

Kinafaa ukijua mipaka yake. Kilianza kupata umaarufu Marekani, katika jimbo la Vermont, miaka ya 1980. Mahindi yakiwa na urefu wa sentimita 30 hivi, kabla ya kukuzia, unachukua udongo wa kina cha sentimita 30 na kupima naitreti iliyopo siku hiyo. Kule, ikionekana miligramu 25 au zaidi za naitrojeni ya naitreti kwa kilo ya udongo, mkulima huambiwa asiongeze. Kwa ekari moja hizo ni kama kilo 40 zilizokwisha kufunguka na zinasubiri kuliwa.

Namba ile ilipatikana kwenye udongo wao na mvua zao. Kwenye kichanga cha Tandahimba, naitreti uliyoipima Jumatatu inaweza isiwepo Ijumaa kama mvua kubwa imepita. Mimi ninakitumia kulinganisha vipande vya shamba: kile kilichokuwa na mbaazi kinasoma ngapi, na kile cha mahindi juu ya mahindi kinasoma ngapi. Chenye namba kubwa nakikuzia mwisho na kidogo.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, sampuli hii haivumilii kukaa kwenye joto ikiwa mbichi, kwani vijidudu vinaendelea kufanya kazi ndani ya mfuko na namba inapanda. Ianike haraka kwa kuitandaza nyembamba kivulini, au ipeleke siku hiyo hiyo ikiwa kwenye baridi. Pili, soma vizuri karatasi imeandika nini. Kama ni naitreti yenyewe badala ya naitrojeni ya naitreti, gawa kwa 4.43. Naitreti 44 ni naitrojeni 10 tu. Mtu akichanganya hizo mbili atadhani shamba lake limeshiba.

Mahindi yangu yako kati ya mikorosho. Kuna la pekee la kupima?

Pima pH, na uipime mara mbili: chini ya mkorosho na katikati ya mistari, sampuli mbalimbali. Kwa miongo mingi tumepulizia salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, na isiyobaki kwenye majani huanguka chini. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa tindikali. Utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kwamba udongo wa mashamba yaliyopuliziwa salfa unaongezeka uchachu, na kichanga chetu hakina nguvu ya kuupinga.

Mkorosho unavumilia uchachu, lakini mahindi hayavumilii. pH ikishuka chini ya 5, aluminiamu huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Hapo hata ungeweka mifuko mitatu ya Urea, mizizi haina jinsi ya kuifuata. Mtu wa namna hiyo namwambia fedha yake ianze kwenye chokaa, mbolea ifuate. Salfa usiache, korosho ndiyo inayotulisha, ila usipulizie zaidi ya kiasi kinachoshauriwa.

Urea, CAN au SA?

Kama pH yako iko chini, iache SA. Ina naitrojeni asilimia 21 tu na inaongeza uchachu kuliko zote: kila mfuko wa kilo 50 unahitaji takriban kilo 55 za chokaa kuufuta. Hapa kwetu inapendwa kwa kuwa majani hugeuka kijani haraka, na pale ambapo salfa imepungua udongoni ni kweli inasaidia. Kati ya mikorosho iliyopuliziwa, salfa tayari ipo.

CAN, mbolea ya amoniamu na naitreti iliyochanganywa na chokaa, ina naitrojeni asilimia 26 hivi, haipai kama Urea na haichachushi sana, lakini nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, hivyo mvua kubwa ikija mara tu umeiweka, unapoteza. Urea ndiyo yenye naitrojeni nyingi kwa kila shilingi mara nyingi. Piga hesabu mwenyewe: gawa bei ya mfuko kwa kilo za naitrojeni zilizomo, 23 kwa Urea, 13 kwa CAN, 10.5 kwa SA. Kisha fukia.

Sina mzani. Mfuko mmoja kwa ekari ni kiasi gani kwa shimo?

Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Kilo 50 ukizigawa humo ni gramu 5 na nusu hivi kwa shimo, karibu kizibo kimoja cha soda kilichosawazishwa kwa kidole. Pima vizibo 100 kwenye mzani wa muuza dagaa kabla ya kuanza, kwani vizibo havilingani na mikono hailingani. Weka umbali wa vidole vinne kutoka kwenye shina, kina cha kidole kimoja, fukia. Udongo uwe na unyevu. Mvua ikikatika Januari au Februari, kama inavyofanya mara nyingi, subiri.

Mbaazi, choroko, kunde na karanga nazo nizikuzie kwa Urea?

Hapana. Zina vinundu mizizini vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani. Ng'oa mmoja taratibu, pasua kinundu kwa kucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Ukiziwekea Urea nyingi vinundu vinalala. Karanga inahitaji zaidi kalsiamu, isije ikatoa maganda matupu.

Na ufuta, na muhogo?

Kidogo, na kwa kipimo. Ufuta uliopewa naitrojeni nyingi hurefuka, hulala, na hukawia kukomaa. Muhogo nao hujaza majani. Kama mnakula kisamvu sana ni heri, lakini mizizi itakuwa imepungua.

Kuchoma mabaki shambani kunaongeza rutuba?

Majivu yanaacha potasiamu na kupunguza uchachu kidogo, ndiyo maana mahali palipochomwa mmea hustawi mwaka ule. Lakini naitrojeni ya mabaki yale karibu yote inapaa na moshi, na mboji haijengeki. Najua palizi ni kazi na panya ni wengi. Hata hivyo mabua na majani ya mbaazi ninaomba yaachwe.

Nipeleke wapi sampuli?

Anza kwa afisa ugani wa kata au ofisi ya kilimo ya halmashauri, wao wanajua sampuli zinakusanywa lini. TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kituo chetu cha utafiti wa kilimo na kinazijua korosho, ufuta, karanga na muhogo za huku. TARI Mlingano mkoani Tanga ndicho kituo cha utafiti wa udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kina maabara. Mkiwa kikundi, pelekeni kwa pamoja, nauli ni moja. Uliza kabla: wanapima vitu gani, bei gani, majibu yanachukua siku ngapi.

Afisa ugani ana kifaa kidogo cha kupimia papo hapo. Kinatosha?

Mwaka 2022 serikali iligawa vifaa vya kupimia udongo kwa halmashauri, na ni msaada mkubwa kwa anayetaka kujua pH na hali ya mboji kwa haraka. Vile vinavyosoma kwa mwanga hukadiria naitrojeni, haviipimi moja kwa moja. Vitumie kujua wapi kuna tatizo, na shamba lenye tatizo ndilo lipelekwe maabara. Na hata kwa kifaa hicho, kama udongo ulichotwa sehemu moja tu karibu na nyumba, jibu ni la karibu na nyumba.

Nina mpunga wa bondeni, kama kule Kitere. Maelezo haya yananihusu?

Kipimo cha naitreti hapana, kwani kwenye maji yaliyotuama naitreti haikai. pH, fosforasi na kaboni, ndiyo. Tumia Urea au SA badala ya CAN.

Mbolea ya ruzuku naipata, kwa nini nihangaike na kipimo?

Ruzuku iliyorudi msimu wa 2022/2023 kwa wakulima waliosajiliwa imepunguza bei, nami ninamhimiza kila mtu ajisajili na kuhakiki ukubwa wa shamba lake. Bei ikishuka, kipimo kinakuwa na maana zaidi: kinakuambia uchukue mfuko wa kupandia au wa kukuzia, na ubakize nafasi ya chokaa.

Nirudie kupima baada ya muda gani?

pH, kaboni na fosforasi kila baada ya miaka mitatu zinatosha, isipokuwa ukiweka chokaa, hapo pima mwaka unaofuata. Naitreti ni ya msimu ule tu. Karatasi zote zihifadhi kwenye bahasha moja, na nyuma ya kila moja andika ulipanda nini, uliweka nini, mvua ilikatika lini na ulivuna magunia mangapi. Ya kwangu ya kipande cha juu imefika karatasi ya tatu. Kaboni ilianza 0.5, sasa imefika 0.8, na mfuko wa pili wa Urea niliokuwa nanunua kwa kipande kile, msimu uliopita sikuununua.